Nani Anayelipia Kitanda

Basi liendalo Tanga na Dar es Salaam likishatoka feri ya Likoni hupita Shika Adabu kwa barabara ya Lunga Lunga. Kijana wa Pwani ya Kenya aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na 1970 alikuwa na njia hii hii, na mwisho wa njia alikuta kilima, na juu ya kilima mabweni ya ghorofa. Huku kwetu watu wakiitaja Mlimani hutaja mihadhara: Walter Rodney, Issa Shivji, ubishi wa usiku kucha kuhusu ubeberu. Kitanda hakitajwi. Mimi naona kitanda ndicho kilichouanzisha ubishi wenyewe.

Dai langu ni jepesi kulisema, gumu kulithibitisha. Umbo la bweni, liwe la ghorofa nane au la chumba kimoja cha makuti, halituelezi mengi kuhusu mwanafunzi atakayetoka humo. Anayelipia kitanda ndiye anayetueleza, maana ndiye atakayekuja kudai. Nitalipima dai hilo kwa mabweni ya mila tatu zisizofanana: ya Kisoshalisti ya Moscow, ya ujamaa wa Mlimani, na ya wanachuo wa Riyadha kule Lamu. Nairobi nitaipitia mbio tu, ingawa ndiko wengi wetu tulikolala.

Nianze mbali, kwa sababu huko ndiko wazo liliposukumwa hadi mwisho wake. Mwaka 1929 msanifu Ivan Nikolaev alianza kujenga Moscow bweni la wanafunzi wa Chuo cha Nguo, likakamilika 1931. Jengo la kulala lina ghorofa 8 na urefu wa kama mita 200, na lilikusudiwa wanafunzi 2,000. Kila chumba kilikuwa na eneo la kama mita 6 za mraba kwa watu wawili. Vitanda, basi. Meza hamna, rafu ya vitabu hamna, wala pa kuweka picha ya mama. Mwanafunzi akirudi jioni hakwenda chumbani moja kwa moja. Alipitia jengo la katikati, akavua nguo za mchana, akaacha vitu vyake kabatini, akaoga, akavaa nguo za kulalia, ndipo akaenda kulala. Asubuhi akairudia njia ile ile kinyumenyume. Mchana jengo la kulala lilikaa tupu, kwa kuwa kusoma kulikuwa katika ukumbi wa wote, kula katika ukumbi wa wote, na mazoezi vilevile.

Ramani ya jengo hilo ni ratiba iliyojengwa kwa zege. Inamwambia mtu saa ya kuoga na saa ya kulala, na inamnyima ile kona ya mita mbili ambamo angejikalia peke yake akawaza mengine. Aliyepitia shule ya bweni hapa Kenya hatashangaa sana. Anaijua kengele, anakijua kitanda cha dabo deka, analijua sanduku la bati lenye kufuli, na anajua bweni hufungwa mchana ili asiingie mtu kujilaza. Shule zetu zilirithi utaratibu huo kutoka kwa wamishonari na kambi za jeshi la Mwingereza, watu waliouogopa Ukomunisti kama ndui. Nikolaev aliufikia kwa njia ya Lenin. Hapo ndipo ninapoanza kuyatilia shaka majengo: ikiwa kabati la Mkomunisti na kabati la mmishonari yanafungwa saa ile ile, basi kabati halina itikadi.

Na lile la Moscow halikudumu lilivyokusudiwa. Kabla miaka ya 1930 haijafika mbali, serikali ya Kisovieti yenyewe iligeuka ikazikemea nyumba za aina hiyo kuwa ni kupita kiasi. Katika miaka ya 1960 vyumba vikapanuliwa. Karne hii jengo limekarabatiwa na wanafunzi bado wanalala humo, kwa staha ya kawaida. Bweni kubwa la kujivunia lilikuja baada ya vita: Chuo Kikuu cha Moscow kwenye Milima ya Lenin, kilichofunguliwa 1953, mita 240 hadi ncha ya mnara, ghorofa 36 katikati, na mabawa yaliyojaa vyumba vya wanafunzi, viwili viwili vikishirikiana choo na bafu. Sehemu ya kazi ya kulijenga ilifanywa na wafungwa. Mwanafunzi alirudishiwa kona yake, na juu yake akapewa mandhari ya mji mzima.

Vijana wetu walifika huko. Mwaka 1960 Wasovieti walifungua Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, mwaka uliofuata kikaitwa Patrice Lumumba, na Wakenya waliopelekwa Mashariki kwa jitihada za Jaramogi Oginga Odinga walitawanyika humo na katika miji mingine. Kitanda kililipiwa, masomo yalilipiwa, na posho ilikuwepo. Aliyelipa alitarajia kupata rafiki. Aprili 1965 Wakenya 29 waliokuwa wakisoma Baku waligoma, wakalalamikia ubaguzi, wakapanda ndege wakarudi nyumbani. Waliotazama kutoka Nairobi waliona ushindi wa Magharibi. Mimi naona jambo dogo zaidi na la kibinadamu zaidi: mtu anaweza kupewa kitanda bure na bado akakataa kuwa mali ya aliyekitoa.

Mlimani sasa, na hapa sitaharakisha.

Kitu cha kwanza cha kukubali ni kwamba mabweni ya ujamaa hayakujengwa na wajamaa. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria na kikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Majengo ya kilimani yalisanifiwa na kampuni ya Kiingereza ya Norman na Dawbarn, na chuo kikahamia huko 1964. Azimio la Arusha lilikuwa bado miaka mitatu mbele. Kwa hiyo wakati Tanzania inatangaza ujamaa, Februari 1967, mwanafunzi wake alikuwa tayari juu ya mlima, ndani ya ghorofa yenye upepo wa bahari, na mtu mwingine akimpikia na kumfagilia. Nikolaev alikuwa na itikadi kabla ya jengo. Nyerere alikuwa na jengo kabla ya itikadi, na ikambidi aitafutie itikadi njia ya kuingia mlangoni.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo mapema. Katika hotuba ya mwaka 1964 alitoa mfano ambao waliosoma enzi hizo wanaujua: kijiji chenye njaa kinamkusanyia mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Akila akajiendea zake, ni msaliti. Huo ndio mkataba wa kitanda, tena umesemwa waziwazi kuliko popote ninapopajua. Moscow ilitaka urafiki na haikuandika bei. Dar es Salaam iliiandika bei mapema.

Bei yenyewe ilidaiwa upesi. Serikali iliamua kwamba wahitimu waende Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, na bango mojawapo likasema afadhali wakati wa mkoloni. Bado nikiliwaza bango lile naona aibu kwa niaba yao, na hapo hapo nawaelewa. Walifundishwa na jengo. Jengo la Kiingereza, joho la Kiingereza, chakula cha mezani. Kila kitu kilichowazunguka kiliwaambia kwamba wao ni warithi wa afisa wa kikoloni, halafu mtu mmoja akaja kuwaambia ni wadeni wa mkulima. Nyerere alipandwa na hasira, akajipunguzia mshahara asilimia 20 papo hapo, na karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa wakarudishwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Nyerere mwenyewe aliitumia methali hiyo katika maandiko yake ya ujamaa. Siku hiyo jembe lilitolewa kwa watu waliodhani wao ndio wenye nyumba.

Kilichofuata ndicho kilichoipa Mlimani jina. Rodney alifundisha pale 1966 hadi 1967, akarudi 1969 akakaa hadi 1974. Wanafunzi wakaunda chama chao cha kimapinduzi, USARF, mwaka 1967, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, wakaendesha madarasa yao wenyewe ya siasa siku za Jumapili na, kuanzia 1969, jarida la Cheche. Angalia mpango wa maisha uliowezesha hayo. Mtu aliyemaliza chakula cha jioni, ambaye hana kodi ya nyumba wala nauli ya kuwahi, na ambaye jirani zake ukumbini ni Mganda, Mkenya, Mmalawi na Mtanzania wa Kagera, ana saa tano za kubishana kabla ya kulala. Vuguvugu halihitaji zaidi ya hapo. Nikolaev alijenga kumbi za pamoja na kuwanyang'anya watu chumba ili wakutane. Mlimani walikutana kwa sababu walikuwa na chumba na hawakuwa na shida ya kukilipia.

Lakini ubishi wa bure haukuwa bure. Mwaka 1970 Shivji aliandika kwamba tabaka jipya la wakubwa wa serikali limejitokeza chini ya kivuli cha ujamaa, na maandishi hayo yakatoka kupitia Cheche. Kabla mwaka haujaisha jarida na USARF vikapigwa marufuku. Aliyelipia kitanda alisikia maneno yanayosemwa kitandani.

Julai 1971 ikawa zamu ya Mkenya. Symonds Akivaga, rais wa chama cha wanafunzi, DUSO, alimwandikia makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi iliyolaumu uendeshaji wa chuo. Miezi michache kabla, TANU ilikuwa imetoa Mwongozo uliowapa wafanyakazi haki ya kuwakosoa wakubwa wao, na wanafunzi waliona ni haki yao pia. Akivaga alichukuliwa na polisi wenye silaha mbele ya wenzake, akapelekwa uwanja wa ndege, akatiwa ndani ya ndege ya Nairobi. Nimeona wahakiki wakilisoma tukio hilo kama usaliti wa Mwongozo. Sawa, lakini kuna somo jingine ndani yake: huyu hakuwa mtoto wa kile kijiji chenye njaa. Alikuwa mgeni wa kijiji, na mgeni akisema wenyeji wanapika vibaya huonyeshwa njia.

Mwaka mmoja baadaye mgeni mwingine kutoka kwetu alipokewa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa kuanzia 1969 kwa kijitabu cha kuuliza Kenya inakwenda wapi, alipotoka gerezani 1972 alikwenda Dar es Salaam akafanya kazi ya utafiti katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili hapo hapo chuoni. Chuo kilichomfukuza Mkenya mmoja kwa barua kilimpa kazi mwingine aliyefungwa kwa kijitabu. Sioni ukinzani. Cha Abdilatif kiliwalenga wenye nyumba wengine.

Kuhusu Nairobi sina mengi, na sababu ni kwamba huko mkataba haukuandikwa. Kenya nayo ilijitangazia ujamaa wa Kiafrika, katika Waraka nambari 10 wa mwaka 1965, hati ambayo kila mtu huitaja na wachache wameifungua. Mwaka huo huo iliifunga Taasisi ya Lumumba, shule ya makada iliyofunguliwa na kambi ya Odinga mwishoni mwa 1964. Chuo Kikuu cha Nairobi kililipia vitanda bila kusema kwa nini. Pengine ilidhaniwa kwamba afisa mtarajiwa atajua mwenyewe. Hata hivyo deni lilikuja kudaiwa, na kwa lugha ile ile ya Dar. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka na wanafunzi wakatakiwa kuripoti kwa machifu wao vijijini. Mwaka 1984 serikali ya Moi ikaanzisha mafunzo ya lazima ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) kwa kila anayeingia chuo kikuu. Nchi ya kibepari ikampa mwanafunzi wake jembe, miaka 18 baada ya ile ya kijamaa. Halafu 1991 ukaja utaratibu wa kila mtu kujilipia chakula chake, vurugu zikazuka, vyuo vikafungwa, na tangu hapo serikali imekuwa ikijiondoa kitandani polepole kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

Lamu sasa. Habib Swaleh alitoka Ngazija, na mwishoni mwa karne ya 19 akaanzisha Riyadha katika upande wa Langoni, mbali na nyumba za mawe za waungwana wa Mkomani. Kielelezo chake kilikuwa ribati ya Habib Ali al-Habshi huko Seiwun, Hadhramaut, mahali ambapo mwanafunzi alifika na bakuli lake tu. Masharifu hawa walifundisha hadi watoto wa watumwa, jambo lililowaudhi wakubwa wa mji. Wanachuo walikuja, na wanaendelea kuja, kutoka Visiwa vya Ngazija, Mto Tana, Uganda na kwingineko. Kulala ni bure, kula ni bure, gharama inatoka kwenye wakfu, sadaka na kapu la waumini, hasa msimu wa Maulidi.

Ukilinganisha na Mlimani unaona mambo mawili. La kwanza, Riyadha haikupanda juu. Ilijengwa mchangani, karibu na wale ambao chuo kilikusudiwa kuwafaa, na kwa hiyo haikuhitaji hotuba ya kumshusha mwanafunzi. La pili ni zito zaidi. Aliyetoa sadaka hawezi kudai. Amekwisha kulipwa, au atalipwa kwa Mola wake. Hamdai mwanachuo, na mwanachuo hamjui. Deni linakwenda kwa elimu yenyewe, na hulipwa kwa kufundisha wengine bure ukirudi kwenu. Katika mikataba yote niliyoitaja huu ndio uliodumu muda mrefu zaidi, umezizidi umri dola mbili na itikadi kadhaa.

Lakini nisiipake marashi kupita kiasi. Wakfu haudai, ila shekhe yupo, na adabu ya kukaa mbele ya shekhe haina nafasi ya barua ya wazi. Cheche isingechapishwa Riyadha. Tena wasichana walikuwa nje ya hesabu kwa muda mrefu, wakati Mlimani, pamoja na kasoro zake zote, ilikuwa na wanawake mabwenini tangu mwanzo, na mmoja wa wahariri wa Cheche alikuwa Zakia Hamdani. Kitanda cha bure kisicho na mdai kina ukimya wake.

Mombasa yenyewe ilijaribu kuchanganya mila hizi. Ile MIOME ya Tudor, taasisi ya elimu iliyoanzishwa kwa Waislamu mwishoni mwa ukoloni, ilichangiwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya Mwingereza: sadaka na dola katika mfuko mmoja. Ikawa chuo cha ufundi, ikawa Politekniki 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Kule Dar serikali imerudi kujenga. Aprili 2017 Rais Magufuli alifungua Mlimani hosteli za majengo 20 zenye nafasi ya wanafunzi 3,840, zilizojengwa na Wakala wa Majengo kwa shilingi bilioni 10. Zilihitajika kweli. Kwa miaka mingi kabla yake wanafunzi waliishi kwa kubebana: mmoja ana kitanda kwa jina lake, mwingine analala humo humo kimyakimya, na wakati mwingine wa tatu yuko chini kwenye godoro. Siudharau mpango huo. Wanafunzi walifanya kwa hiari, tena kwa siri, kile ambacho Nikolaev aliwalazimisha watu kwa ramani, na ndio ujamaa pekee wa mabwenini uliobaki Mlimani baada ya serikali kuuacha wake. Hosteli mpya zimekuja bila hotuba ya kijiji chenye njaa. Serikali imejenga, mwanafunzi analipa, hakuna anayemwambia anadaiwa na nani.

Huku kwetu vyuo vya umma vina wanafunzi wengi kuliko vitanda, na anayesoma kisiwani anapanga bedsita Likoni, Mtongwe au Shika Adabu kwa sababu kodi ya ng'ambo hii ni nafuu. Asubuhi anadandia matatu hadi feri, anavuka kwa miguu bila kulipa, anatafuta matatu nyingine. Mwenye nyumba hana habari na shahada yake. Anataka kodi ifike tarehe tano, na maji yasiachwe yakimwagika.

Ni rahisi kusikitika hapo, lakini nikikumbuka 1966, 1971 na 1982 nasita. Silaha kuu ya dola dhidi ya wanafunzi, kote nilikopita, ilikuwa funguo za bweni: chuo kimefungwa, kila mtu atoke kabla ya jioni. Aliyepanga Shika Adabu hatishwi na funguo hizo. Mgomo ukitokea atafunga mlango wake apike chai. Ila mgomo nao hauwezi kuanzia kwake, maana upande huu jirani ni fundi wa pikipiki, upande ule ni mama wa viazi karai, na wanafunzi wenzake wamezagaa ng'ambo mbili za bahari. Kukaa katikati ya watu, kula wanachokula, kupanga foleni ya maji pamoja nao: ndicho alichokitaka Mwalimu alipowapeleka wale wa majoho kambini. Likoni kimeletwa na wenye nyumba za kupanga, bila Azimio lolote, kwa watu ambao kijiji hakikuwapa chakula na kwa hiyo hawaoni sababu ya kurudi na msaada.